Visa ya Kuingia Mara Moja

Kazi yangu ni kuwafundisha Wazungu namna ya kuingia Uganda. Sikuisomea. Niliajiriwa kupokea wageni katika nyumba ya wageni hapa Jinja, juu kidogo ya mto Nile, niwape funguo na kuwaonyesha maji ya moto yanapofunguliwa. Lakini kila mgeni huandika kabla ya safari akiuliza yale yale, na bosi wangu hana subira, basi maswali yakawa yangu. Visa inaombwa kwenye mtandao, usisubiri ufike uwanja wa ndege. Pasipoti iwe imebakiza miezi sita. Picha iwe na ukuta mweupe nyuma, bibi, siyo hiyo uliyopigwa ufukweni na kofia. Cheti cha homa ya manjano, ndiyo, hata wewe. Wapo wanaonijibu kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyeitunga sheria. Kuna mama mmoja aliwahi kuniandikia kwamba amezunguka nusu ya dunia na hajawahi kuulizwa anakwenda kufanya nini. Nilikaa na barua yake mbele yangu kwa muda, nikanywa chai yangu, kisha nikamjibu kwa adabu.

Swali ninalolijibu kuliko yote ni la kutoka na kurudi. Mgeni amekuja kupanda mitumbwi ya mpira kwenye maporomoko, halafu anasikia habari za tembo wa Kenya, anataka avuke siku nne, kisha arudi kuchukua mizigo yake. Hapo ndipo huwa nakaa chini na kumweleza polepole. Visa ya kawaida ya Uganda ni ya kuingia mara moja. Ukitoka, imekufa, hata kama siku zake hazijaisha. Kama unataka kutoka na kurudi, kuna visa ya nchi tatu, Uganda, Kenya na Rwanda, lakini hiyo uiombe tangu mwanzo. Wiki ninayotaka kuisimulia, Jumatatu asubuhi, niliwaeleza hayo Waholanzi wawili, mume na mke, nikawachorea hata mpaka kwa kalamu kwenye karatasi ya menyu. Waliniambia ninaeleza vizuri sana.

Kesho yake nikamvusha mpaka mtoto wa marehemu kaka yangu, kwa visa ya kuingia mara moja.

Nimesubiri hasira zipoe ndipo niandike, nimeona hazipoi, bora niandike nazo.

Kaka yangu alioa upande wa pili wa mto unaotugawa na Kenya, kwa Wabukusu, ambao lugha yao na yetu Wamasaba ni kama chumba na sebule. Yeye na mkewe wakaenda Ulaya kutafuta kazi, wakazaa huko mtoto mmoja wa kiume, akapewa pasipoti ya huko. Mtoto alipokuwa na miaka kumi na minne, kaka yangu akafariki. Niliomba visa niende nikamzike. Nilipeleka barua ya msiba, barua ya bosi, hati ya kiwanja changu cha Mafubira, picha za nyumba. Wakanijibu kwamba hawakuridhika kuwa nitarudi kwetu. Nirudi wapi pengine? Maneno hayo nilishindwa kuwaandikia, nikayasema jikoni peke yangu. Kaka yangu alizikwa na watu wasioweza hata kulitamka jina la ukoo wake.

Basi mwaka wa imbalu ulipofika, huyo kijana, sasa ana miaka kumi na tisa, akaniandikia: "Senge, nataka kuja kusimama." Senge ndiyo shangazi kwetu. Na kusimama, kwa Mmasaba, hakuhitaji maelezo, ila kwa asiyetujua nitasema. Mwanamume wetu hutahiriwa akiwa kijana mkubwa, mchana kweupe, amesimama wima uani kwa babu yake, ukoo mzima ukimtazama macho. Akipepesa jicho, watakumbuka mpaka wajukuu zake. Mwaka mmoja imbalu, yaani tohara hiyo, hufanyika, unaofuata hupumzika. Baba yangu, aliyekuwa askari magereza na sasa anakaa kwake Busiu, alisema wazi kwamba mwaka huu ni wake wa mwisho kuona imbalu. Mimi ninayemshika mkono kumpeleka chooni kila nikienda kwake nilijua hatafuti huruma.

Visa ya kijana niliijaza mwenyewe, mezani pangu pa kazi. Nilipofika kwenye sababu ya safari nikaikagua orodha. Kutahiriwa uani kwa babu hakukuwemo. Nikaweka utalii, kama ninavyowawekea wote, na ikapita.

Alikuja, akakaa Busiu, akafundishwa kucheza. Miguu yake ilikuwa mizito mwanzoni, watoto wakimcheka, lakini wiki ya pili alikuwa anatikisa kengele za mapajani mpaka wazee wanatoka nje. Kilichobaki ni wajomba. Kwetu kijana hawezi kukatwa kabla hajaenda kwa kaka za mama yake kuwaalika, wakamchinjia na kumpa baraka zao. Na wajomba zake wako ng'ambo.

Watu wote wa kule wanavuka mto kivukoni, chini ya daraja, mahali maji hayafiki magotini. Wanavusha ng'ombe, wanavusha ndizi, wanavusha maharusi. Mwanamke anaweza kuwa na kisima Uganda na shamba la vitunguu Kenya. Binamu zangu wakasema tupite huko huko, dakika tano. Mimi nikakataa. Mimi, mjuzi wa mihuri! Nikawaambia huyu ana pasipoti ya watu, hapitishwi vichochoroni, tutapita darajani kama watu wenye akili. Kenya siku hizi inataka Mzungu aombe kibali kabla ya kufika, nami nilikuwa nimekwisha kumwombea, nimekichapisha, nimekiweka kwenye bahasha ya plastiki. Jumanne tukafika darajani, Uganda wakagonga muhuri wa kutoka, Kenya wakagonga wa kuingia. Niliona fahari. Nikawaambia binamu zangu, mnaona?

Wajomba wakamchinjia fahali, wakamvisha nyama shingoni, wakamwombea. Jumatano asubuhi tukarudi darajani tukiimba.

Ofisa wa upande wetu alikuwa mtu wa kaskazini, mnene kidogo, Kiswahili chake cha jeshini. Akaigeuza pasipoti mara mbili, akaandika kwenye kompyuta, akanitazama mimi wala si kijana.

"Mama, hii visa ilikufa jana."

"Imekufaje, afande?"

"Iko ya kuingia mara moja. Aliingia Entebbe, ametoka hapa. Imeisha. Yeye naomba ingine."

Hapo nikaisikia sauti yangu mwenyewe ya Jumatatu, tamu, yenye subira, ikiwaeleza Waholanzi. Nilikuwa nimeifikiria Kenya, kwa sababu Kenya alikuwa anakwenda. Uganda alikuwa anarudi. Katika kichwa changu chote, pamoja na miaka yote ya kujaza fomu za watu, hapakuwa na mahali ambapo mtu huomba ruhusa ya kurudi kwa babu yake.

"Afande, huyu ni mtoto wa hapa. Baba yake amezaliwa Busiu."

"Kama yeye mutu ya hapa, kitambulisho iko wapi?"

"Baba yake alikufa kabla hajamwandikisha."

"Pole, mama. Lakini kwa kompyuta, yeye Muzungu."

Sote tukageuka tukamtazama huyo Mzungu. Mweusi kama babu yake, kifua wazi, amepakwa unga na machicha ya pombe ya mtama, nyama shingoni, kengele mapajani. Mwanamke mmoja kwenye foleni akacheka. Nilitamani kumzaba kofi. Nikamwambia ofisa kwamba Jumamosi ndiyo siku, mkataji ameshaitwa, pombe imekwisha kuiva, mzee anasubiri. Alinisikiliza hadi mwisho, hilo sitamnyima.

"Mimi nasikia wewe, mama. Kompyuta ndiyo hasikii."

Nilimwacha kijana kwa wajomba, nikavuka peke yangu kwa kitambulisho changu, nikaenda Mbale mjini kwenye duka la intaneti, nikaanza upya. Picha, cheti, pasipoti, utalii. Mtandao ulikatika mara mbili nikiwa napakia picha. Ombi likapokelewa, likaandikwa linashughulikiwa. Ninalijua neno hilo. Kwa wageni wangu huwa nasema, msijali, ni siku tatu, pengine tano, tembeeni kidogo, mle samaki. Sasa nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikilitazama kama mtu anayetazama sufuria isiyochemka.

Alhamisi nilipofika Busiu maneno yalikuwa yamenitangulia. Vijana wanaoogopa kisu hukimbilia Kenya, ndivyo ilivyo tangu zamani, na kijana wetu yuko wapi? Kenya. Hapakuhitajika ushahidi mwingine. Kisimani jirani mmoja akaniuliza kwa upole wa uongo kama ni kweli Mzungu wetu ameona bora aishi na wajomba. Nikamwambia visa imekwisha. Akasema, "Eee, visa," akajitwika ndoo yake. Ningemweleza nini? Kwamba kuna karatasi inayomzuia mtu kuingia kwao? Hata mimi nikijisikia nikilisema lilikuwa linanuka uongo.

Hilo ndilo lililokuwa mezani, na lisifichwe. Kijana asipokuwa uani Jumamosi, angekuwa mwoga maisha yake yote, na baba yake aliyelala ugenini angekuwa baba wa mwoga. Na mzee angekufa akijua hivyo.

Nikamwambia baba kwamba nitamvusha kivukoni usiku.

Nyumbani kwetu tuliongea Kiswahili cha kambi, kwa sababu tulizaliwa katika nyumba za askari magereza, na nje ya kambi watu walikichukia wakikiita lugha ya bunduki. Hadi leo baba akiwa na jambo zito hukirudia.

"Unataka leta mujukuu yangu usiku, kama mwizi?"

"Baba, hakuna njia nyingine."

"Mutu anaogopa kisu ndiyo napita porini na kengele kwa mufuko. Ukileta yeye hivyo, wale wanasema ukweli."

Nikapandwa na hasira hata kwake. Nikamwambia anajua nini kuhusu mipaka, kijana akikamatwa bila muhuri atafungiwa mlango wa nchi hii miaka na miaka, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemfungia. Nilipaza sauti kwa baba yangu mzazi. Hakunigombeza. Alikaa akipapasa fimbo yake, macho yake hayaoni vizuri tena.

"Pitisha yeye kivukoni," akasema mwishowe. "Lakini mchana. Na kengele ilie. Yote. Kama wanataka kukamata, wakamate mutu nacheza."

Ijumaa nilivuka mapema kwenda kwa wajomba. Nilimweka kijana kando, nikamwambia kila kitu, kwa sababu mkosaji angekuwa yeye, si mimi. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kujifunzia kwenye simu:

"Senge, wakinikamata?"

"Watakurudisha Ulaya. Na huenda hutaingia tena."

"Na nisipovuka leo, nitaingia kwa babu lini?"

Saa tisa alasiri tukateremka mtoni, wajomba, wake zao, watoto, wapiga ngoma, watu tuliowaokota njiani ambao hata hawakujua tunakwenda wapi. Kijana mbele, anacheza, kengele zinapasua masikio. Aliingia majini akicheza. Maji yakamruka mapajani, watu wakaimba kwa nguvu zaidi, na juu darajani, si mbali, hata kokoto ingefika, mlango wa ofisi ukafunguka na yule ofisa mnene akatoka.

Nilimtazama machoni. Nilitaka aseme kitu. Nilikuwa nimejaa matusi mpaka kooni, ya Kiswahili, ya Kimasaba, na mengine niliyojifunza kwa wageni. Alitutazama mpaka kijana akakanyaga nchi kavu upande wa Uganda. Kisha akarekebisha kofia yake, akarudi ndani. Hadi sasa sijui kama nimshukuru. Kama aliweza kutoona Ijumaa, kwa nini Jumatano aliona?

Jumamosi kijana alisimama. Sitaieleza, aliyeiona anajua. Nitasema tu kwamba fimbo aliyoishika mabegani haikutikisika, kwamba mkataji alipopuliza filimbi ya kumaliza yule jirani wa kisimani ndiye aliyepiga vigelegele vya kwanza, na kwamba baba alisogezwa mpaka karibu, akamgusa mjukuu wake usoni kwa vidole ili ahakikishe haukunji uso. Damu ikadondoka kwenye mchanga wa uani, pale pale ilipodondoka ya kaka yangu na ya baba mwenyewe. Nililia sana. Kwa saa moja hivi sikuwa na hasira na mtu yeyote.

Jumanne barua ikaingia kwenye simu yangu. Ombi limekubaliwa. Karibu Uganda.

Msomaji asidhani mambo yaliishia hapo. Ndege ya kijana ilikuwa Jumatatu inayofuata, na kwa mujibu wa pasipoti yake alikuwa bado Kenya kwa wajomba, hajatahiriwa. Akifika Entebbe akiwa na muhuri wa kutoka bila wa kuingia, wangemshika. Ilibidi arudi Kenya kimya kimya ili aingie Uganda rasmi. Baba alikataa katakata. Kwetu, alisema, mwenye kidonda cha imbalu havuki maji mpaka apone. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kuvunja amri ya baba yangu huku akiniona, ingawa kuona kwake ni kwa masikio.

Tulimkalisha upande upande kwenye pikipiki, amejifunga shuka, miguu ameitanua, jasho linamtoka. Kivukoni pikipiki iliruka juu ya mawe na nikamsikia akiguna, yeye ambaye Jumamosi hakuguna. Tukapanda upande wa pili, tukazunguka, tukaja darajani kutoka Kenya. Wakenya wakamgongea muhuri wa kutoka. Akatembea darajani hatua moja moja, kama mzee, mimi nyuma na bahasha yangu ya plastiki.

Kompyuta ilikuwa imezima, wanaiwasha. Akakaa kwenye benchi. Nyuma yetu wakaja Wazungu wawili vijana, msichana na mvulana, mabegi makubwa mgongoni, visa ya nchi tatu mkononi. Kompyuta ilipowaka, ofisa mwingine akawaita kwenye dirisha lake, wakagongewa mara moja, wakasema asante kwa Kiswahili na kumsifu kijana wangu kwa shuka lake zuri. Hawakuwa na kosa lolote. Niliwachukia hata hivyo, na msichana alipotabasamu nami nikatabasamu, maana ndiyo kazi yangu.

Mtoto wetu alipoitwa na kusimama, benchi lilikuwa na damu. Kidonda kilikuwa kimefunguka. Yule ofisa mnene aliiona. Akatoka nyuma ya meza yake, akachukua tambara la dirishani, akapiga goti, akaipangusa mwenyewe bila kutuma mtu. Halafu akarudi kukaa, akafungua pasipoti, na bado akauliza, kwa sababu lazima aulize.

"Bwana, wewe nakuja Uganda kufanya nini?"

Kijana akanitazama.

"Utalii," nikajibu mimi.

Muhuri ukagongwa. Akaandika ndani yake kwa kalamu: siku thelathini.

Tulifika Busiu jioni. Baba alikuwa amekaa uani, kiti chake kikiwa karibu na mahali pa kusimamia. Mchanga ulikuwa bado na doa, hakuna aliyeruhusiwa kuufagia. Aliinua mkono apewe pasipoti, akaupapasa ukurasa kana kwamba muhuri una mikunjo, akaniuliza wameandika nini. Nikamwambia wamempa siku thelathini.

"Ya kufanya nini?"

"Ya kukaa, baba."

"Na ikiisha?"

"Anatakiwa atoke. Asipotoka ni mkosaji."

Akanyoosha fimbo, akaugusa mchanga mbele ya miguu yake.

"Na hii damu yake," akauliza, "hii pia nitoe siku ya thelathini?"

Alikuwa anasubiri jibu kweli, kwa sababu anajua mimi ndiye ninayejua mambo ya visa. Nikaichukua pasipoti mkononi mwake, nikairudisha kwenye bahasha, nikaingia ndani kumchemshia kijana maji ya kidonda.